Maswali ya Wasomaji: Disipacha wa Malori Yuko Upande wa Nani?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani au wenye jamaa huko, nazo zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu asiyeendesha lori wala kumiliki lori anawezaje kujifunza kazi ya disipacha wa kujitegemea, yaani mtu anayemtafutia mwenye lori mizigo, kumsemea kwa madalali kuhusu bei, kumshughulikia makaratasi na kuifuatilia safari mpaka mzigo upokelewe na kusainiwa. Tumezifupisha barua hizo bila kubadili hoja zake.

Swali: Ndugu Mhariri, nafanya kazi ghalani hapa Columbus, Ohio, na kila siku naona malori yakipakia na kupakua. Mtandaoni kuna watu wanaouza kozi za udisipacha, nao wanasema kwamba baada ya wiki chache mtu anaweza kuacha ajira yake. Je, kozi hizo ni za lazima? Kuna leseni au mtihani wa serikali? Na kama sina fedha za kozi, nianze kujifunza nini?

Jibu: Hakuna leseni ya shirikisho wala mtihani wa serikali kwa disipacha, na huhitaji leseni ya kuendesha magari makubwa. Cheti kinachotolewa na wauza kozi ni karatasi yao wenyewe. Dalali wa mizigo hatakuuliza habari zake, na mwenye lori atataka kujua jambo moja tu: kama unaweza kumpatia mzigo wenye bei ya haki siku ya Ijumaa mchana, lori lake likiwa tupu katika mji usio na mizigo. Sisemi kwamba kozi zote ni upuuzi, kwa kuwa zipo zinazomfupishia mtu njia. Lakini anayekuahidi kipato fulani kwa mwezi fulani mwogope, kwa sababu mara nyingi mapato yake makubwa yanatokana na kozi, si na malori.

Anza na lori lenyewe. Tela la boksi la futi 53 hubeba pallet 26 zikipangwa kwa namna ya kawaida, na mzigo wa takriban pauni 45,000. Tela la jokofu hubeba pungufu kidogo kwa sababu mashine ya baridi na kuta zake zina uzito. Tela la wazi lina kazi ya minyororo, mikanda na maturubai, kwa hiyo dereva wake hutoka jasho zaidi na hustahili kulipwa zaidi. Katika barabara kuu za shirikisho, lori pamoja na tela, mafuta na mzigo halipaswi kuzidi pauni 80,000 bila kibali maalumu, na jozi ya ekseli za nyuma haipaswi kubeba zaidi ya pauni 34,000. Disipacha asiyeuliza uzito wa mzigo kabla ya kuukubali anampeleka dereva kwenye mizani akapigwe faini kwa kosa ambalo si lake.

Baada ya lori, jifunze saa za dereva mpaka uzijue kwa moyo. Dereva wa mizigo huruhusiwa kuendesha kwa saa 11, nazo ziwe ndani ya muda wa saa 14 tangu aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Akiisha kuendesha saa 8 ni lazima asimame kwa nusu saa. Kwa kampuni zinazofanya kazi kila siku ya wiki, dereva akifikisha saa 70 za kazi katika siku 8 haendeshi tena, ingawa anaweza kuianza hesabu upya kwa kupumzika saa 34 mfululizo. Tangu Desemba 2017 saa hizo hurekodiwa na kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini, isipokuwa kwa makundi machache yaliyosamehewa, na kifaa hicho hakibembelezeki. Dereva akikuambia kwamba saa zake zimekwisha, mazungumzo yamekwisha. Kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2016 inakataza msafirishaji, mwenye mzigo, mpokeaji au wakala wa usafirishaji kumshurutisha dereva avunje saa zake.

Wewe uliye ghalani una faida ambayo wengi hawana, kwa sababu unaona kwa macho yako jinsi lori linavyofika kwa miadi ya saa mbili asubuhi na kuondoka saa saba mchana. Zile saa 14 za dereva zinaendelea kuhesabiwa wakati anasubiri mlangoni kwako. Chunguza ni mizigo ya aina gani inayochelewa, ni nyaraka zipi zinazokosekana, na madereva wanalalamikia nini. Kisha, kabla ya kujitegemea, tafuta ajira ya udisipacha katika kampuni yenye malori, hata kwa mshahara mdogo, ukae hapo mwaka mmoja. Kwa maoni yangu hakuna kozi inayoizidi shule hiyo.

Swali: Ndugu Mhariri, rafiki yangu hapa Minneapolis ananiambia kuwa disipacha asiye na dhamana ya dola 75,000 anavunja sheria. Mwingine anasema dhamana hiyo ni ya madalali peke yao, na kwamba disipacha hagusiki. Nani kati yao anasema kweli?

Jibu: Kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kukuponza, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Dalali wa mizigo ni mtu anayelipwa ili kupanga usafirishaji wa mali ya mwingine kwa kutumia msafirishaji mwenye kibali. Mtu huyo ni lazima asajiliwe na mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama wa wasafirishaji wa barabarani, inayojulikana kwa kifupi FMCSA, na ni lazima aweke dhamana au amana ya dola 75,000. Kiasi hicho kilikuwa dola 10,000 mpaka sheria ya mwaka 2012 ilipokipandisha, na kiwango kipya kikaanza kutumika Oktoba 2013. Sheria hiyohiyo iliweka adhabu ya hadi dola 10,000 kwa kila kosa la kufanya udalali bila usajili.

Disipacha haingii katika fungu hilo ikiwa kweli ni wakala wa msafirishaji. Kanuni za shirikisho zinamtambua wakala wa kweli kuwa mtu aliye sehemu ya shughuli za kawaida za msafirishaji, anayefanya kazi kwa maelekezo yake, chini ya makubaliano yaliyotangulia na yanayoendelea, na asiye na hiari ya kuamua mzigo upi uende kwa msafirishaji huyu na upi uende kwa mwingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyozua ubishi, kwa sababu madisipacha wengi wa kujitegemea wanahudumia wenye malori zaidi ya mmoja. Juni 2023 FMCSA ilitoa mwongozo wa kufafanua suala hilo. Mwongozo huo hauna nguvu ya sheria mpya, lakini unaonyesha mamlaka inavyolitazama jambo. Kwa mujibu wake, idadi ya wasafirishaji unaowahudumia haitoshi peke yake kukufanya dalali. Linalotazamwa zaidi ni kama unashika fedha zinazopita baina ya dalali, mwenye mzigo na msafirishaji, na kama wewe ndiwe unayegawa mizigo kwa hiari yako.

Zipo dalili ambazo mwongozo unazihesabu kuwa za mtu anayehitaji usajili wa udalali. Mojawapo ni kuzungumza bei moja kwa moja na mwenye mzigo. Nyingine ni kulipwa na dalali au na kampuni inayonunua ankara, yaani inayomlipa mwenye lori mapema kisha ikalidai deni lenyewe, badala ya kulipwa na mwenye lori. Nyingine ni kumpangia mzigo msafirishaji ambaye hamna mkataba wa maandishi. Nyingine ni jina lako kuandikwa katika mkataba wa kusafirisha mzigo kama mmoja wa wahusika. Na iliyo wazi kuliko zote ni kuukubali mzigo kwanza ukiwa huna lori, kisha kuanza kutafuta sokoni nani ataubeba.

Kwa hiyo kila asubuhi kazi yako ianze na lori, si na mzigo. Lori la mteja wako litakuwa tupu Memphis kesho saa nne asubuhi, nawe unalitafutia mzigo lori hilo. Siku utakayoanza kwa kusema kwamba umepata mzigo mzuri na sasa unatafuta wa kuubeba, umeshahama upande, hata kama kwenye kadi yako bado umeandika disipacha. Iwapo una wateja wawili wenye malori katika mji mmoja, andika katika mikataba yao utaratibu utakaofuatwa, kwa mfano kwamba lori lililotangulia kuwa tupu ndilo litakalotafutiwa kwanza, na kwamba mwenye lori ndiye anayeukubali au kuukataa mzigo. Hapo hugawi kwa hiari yako.

Mkataba wenyewe uwe wa maandishi, uliosainiwa kabla ya mzigo wa kwanza, unaoeleza kazi utakazofanya, malipo yako na namna ya kuuvunja. Uambatanishe na hati ya uwakili yenye mipaka inayokuruhusu kusaini hati za kuthibitisha bei kwa niaba ya mwenye lori, na si zaidi ya hapo. Mwonyeshe mwanasheria wa jimbo lako mara moja. Gharama hiyo ina maana zaidi kuliko ya nembo na tovuti, ambazo naona watu wakizitanguliza.

Swali: Ndugu Mhariri, nimeanza na lori moja la shemeji yangu, tela la boksi, na makao yetu ni Atlanta. Nikimpigia dalali hunitajia bei na kuniambia ndiyo ya mwisho, nami huikubali kwa kuogopa mzigo usichukuliwe na mwingine. Nitajuaje kwamba bei ni nzuri, na nitajifunzaje kuipandisha?

Jibu: Huwezi kujua bei nzuri kabla ya kujua lori la shemeji yako linagharimu nini kwa kila maili. Kaa naye, mwandike kila kitu: rejesho la mkopo wa lori, bima, ushuru na vibali, mafuta, matairi, matengenezo, malipo ya dereva hata kama dereva ni yeye mwenyewe, na kamisheni yako. Gawanya kwa maili anazokwenda kwa mwezi. Mwenye lori asiyeijua namba hiyo atakulaumu kwa bei ndogo na atakusifu kwa bei kubwa bila kujua lini alipata na lini alipoteza.

Kisha hesabu maili zote, pamoja na zile ambazo lori litakwenda tupu. Mzigo unaolipa dola 2,000 kwa maili 640 unaonekana kulipa zaidi ya dola 3 kwa maili. Lakini ikiwa lori litakwenda maili 160 tupu kuufuata, maili ni 800, na malipo ni dola 2.50. Ankara inaonyesha zile 640, ilhali tangi la mafuta linazijua zote 800.

Jambo la tatu, ambalo wanaoanza hulisahau, ni mahali mzigo utakapoliacha lori. Florida hupokea mizigo mingi kuliko inayotoa. Kwa sababu hiyo bei ya kuingia huko huwa ya kuvutia na bei ya kutoka huwa ya kusikitisha, isipokuwa katika majira ya kuchipua, mavuno ya mboga na matunda yanapoyahitaji malori mengi, hasa ya jokofu. Chukua mfano, na namba za malipo ni za kufanyia hesabu tu. Mzigo wa kutoka Atlanta kwenda Miami, maili kama 660, unalipa dola 2,000. Wa kwenda Dallas, maili kama 780, unalipa dola 1,750. Anayetazama safari moja atakimbilia Miami. Lakini ikiwa mzigo wa kurudi kutoka Miami unalipa dola 700, na wa kurudi kutoka Dallas unalipa 1,700, basi safari nzima ya Miami imelipa takriban dola 2.05 kwa maili, na ya Dallas takriban dola 2.21. Ndiyo maana kabla ya kukubali mzigo wa kwenda, mtu mzoefu hutazama kwanza mizigo ya kutoka kule unakokwenda.

Kuhusu soko, utatumia mbao za mizigo za mtandaoni, yaani tovuti ambako mizigo hutangazwa, ambazo kwa kawaida disipacha huingia kwa idhini na namba za msafirishaji wake. Mbili kati yake ni DAT na Truckstop: DAT ilianzia mwaka 1978 katika kituo cha malori cha Jubitz mjini Portland, Oregon, ambako madereva walisoma matangazo ya mizigo wakiwa wamesimama, na Truckstop ilianza katika mtandao wa intaneti mwaka 1995. Mbao hizi zinaonyesha pia wastani wa bei za njia mbalimbali. Uusome wastani huo, lakini kumbuka kwamba dalali anautazama uleule, na kwamba wastani ni habari ya jana.

Katika mazungumzo yenyewe, usianze na bei. Uliza kwanza mzigo ni nini na una uzito gani, unapakiwa na kupakuliwa saa ngapi, miadi ni ya saa kamili au ni ya kufika utakapofika, dereva ataugusa mzigo kwa mikono yake wakati wa kupakia na kupakua au hataugusa, na nani anawalipa wapakuzi. Maswali hayo yanakupa sababu za kuomba zaidi, kwa sababu mzigo wenye miadi saa kumi alfajiri unaharibu usingizi wa dereva, na mzigo unaopakuliwa kwenye ghala linalojulikana kwa kuchelewesha unaharibu siku yake inayofuata. Kisha mweleze dalali unachomletea: lori liko umbali gani, ni tupu tangu saa ngapi, dereva ana saa ngapi zilizosalia. Ndipo utaje bei yako, ya juu kidogo kuliko unayoitaka, na unyamaze. Kunyamaza huku ni kugumu kuliko kunavyoonekana. Dalali akisema hiyo ndiyo ya mwisho, mwombe aandike namba yako ya simu. Mzigo ambao haujapata lori saa tatu kabla ya kupakiwa ni tatizo lake, si lako, na wengi hupiga tena. Wasipopiga, hesabu yako ya gharama ndiyo itakayokuambia kama ulifanya vyema kuuacha.

Mkishakubaliana, dalali atatuma hati ya kuthibitisha bei. Isome yote kabla ya kusaini, hata kama ni ya kurasa 8 na dereva anakupigia honi. Tafuta humo malipo ya kusubirishwa, ambayo mara nyingi huanza baada ya saa 2 za bure, malipo ya lori lililoitwa kisha mzigo ukafutwa, makato ya kuchelewa, na masharti ya kumfuatilia dereva kwa simu yake. Kila ahadi uliyopewa kwa mdomo iombe iandikwe humo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na dereva aliyesubiri saa 5 bila kusainiwa muda wa kuingia na kutoka kwenye hati ya mzigo hana cha kudai.

Swali: Nitoze kiasi gani, na nilipwe vipi?

Jibu: Wengi hutoza baina ya asilimia 5 na 10 ya malipo ya mzigo, wengine hutoza kiasi maalumu kwa kila lori kwa wiki. Ya asilimia ni nzuri kwa lori moja au mawili, kwa kuwa unapata mwenzako anapopata. Ukiisha kuwa na malori kadhaa ya mtu mmoja, malipo ya wiki hupunguza mabishano. Naona si ungwana kukata asilimia katika malipo ya kusubirishwa, kwani aliyekaa kwenye foleni si wewe. Peleka ankara kwa mwenye lori kila wiki, akulipe yeye, na fedha za mzigo zisipitie kwenye akaunti yako hata siku moja. Sababu tumezieleza katika jibu la Minneapolis. Weka akiba ya kodi pia. Anayejiajiri Marekani hulipa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 ya pato lake halisi linalotozwa, mbali na kodi ya mapato. Namba ya mwajiri inayotolewa na mamlaka ya kodi, IRS, ni ya bure, kwa hiyo usimlipe mtu akuombee.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Louisville, Kentucky. Nimejifunza, nimeandaa mkataba, lakini nimetuma barua pepe kwa wenye malori wengi waliosajiliwa karibuni na hakuna hata mmoja anayejibu. Nimekosea wapi?

Jibu: Pole, dada. Taarifa za wasafirishaji wapya ziko wazi kwa umma, na kila disipacha anayeanza anazichota kisimani hapohapo. Mwenye lori aliyepata namba yake ya usajili jana ameshapigiwa simu na wauza bima, wauza vifaa, kampuni za kununua ankara na madisipacha hadi amezima simu. Juu ya hayo, huyo ndiye mteja mgumu kuliko wote kumhudumia, kwa sababu madalali wengi hawampi mzigo msafirishaji ambaye kibali chake kina miezi michache tu.

Tafuta wenye kibali kilichokomaa, wenye lori moja hadi matatu, ambao wanaendesha wenyewe na hawana nafasi ya kushika simu barabarani. Watu hao hawapatikani kwa barua pepe. Hupatikana kwa kujulishwa na mtu wanayemwamini, awe dereva mwenzao, fundi wao au mhasibu wao. Usijitambulishe kuwa unahudumia malori ya kila aina katika majimbo yote 48 yaliyoungana kwa barabara. Chagua aina moja ya tela na njia chache zinazopita Louisville, uzisome kila siku kwa mwezi mzima hata kabla ya kupata mteja, kisha mpe mwenye lori habari ambayo hakuwa nayo kuhusu njia anayoitumia. Huo ndio utambulisho utakaosikilizwa.

Nawe pia mchunguze mteja. Katika SAFER, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za FMCSA, unaweza kuandika namba yake ya usajili, iitwayo USDOT, bila malipo, ukaona kama kibali chake ni hai, magari yake yamekaguliwa mara ngapi na yamesimamishwa barabarani kwa kiwango gani. Uliza bima. Sheria inadai bima ya dhima isiyopungua dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida inayosafirishwa na magari makubwa baina ya majimbo, lakini madalali kwa desturi hudai dola 1,000,000, pamoja na bima ya mzigo ya dola 100,000. Mwenye lori asiye na kiasi hicho hutampatia mizigo hata ukeshe. Na mwenye lori anayekuambia utafute mizigo isiyowezekana kwa saa za dereva, akisema kifaa cha kurekodi saa atakishughulikia mwenyewe, mwache aende.

Swali: Kaka yangu alipakia mzigo aliopewa na mtu aliyejiita dalali, akaufikisha salama, na mpaka leo hajalipwa. Dalali aliyetajwa kwenye hati anasema hakuwahi kutoa mzigo huo. Disipacha wake alipaswa kufanya nini?

Jibu: Hilo lina sura ya mzigo uliouzwa mara mbili: mtu alijifanya msafirishaji, akauchukua kwa dalali halisi, kisha akajifanya dalali na kumpa kaka yako kwa jina la kuazima. Kinga yake ni kazi ya disipacha kabisa. Anwani ya barua pepe iliyo na herufi moja ya ziada, bei inayozidi soko bila sababu, na haraka ya kutaka hati isainiwe bila maswali ni dalili za kutosha kukufanya usimame. Usimpigie mtu kwa namba aliyokuandikia yeye. Chukua namba ya dalali huyo iliyo katika kumbukumbu za FMCSA, umpigie huko, umuulize mzigo wenye namba ile. Ikiwa mwenye lori anauza ankara zake, iulize kampuni inayozinunua kama itaikubali ankara ya dalali huyo kabla lori halijaondoka. Na dereva akifika ghalani akakuta hati ya mzigo ina jina la msafirishaji mwingine, au akaambiwa ajitambulishe kwa jina lisilo la kampuni yake, asipakie mpaka jambo lifafanuliwe. Hapo ndipo disipacha anapopaswa kuwa tayari kumpotezea mteja wake nusu siku.

Kwa kaka yako, akusanye hati iliyosainiwa ya kupokelewa mzigo, hati ya bei na mawasiliano yote, kisha amwandikie dalali halisi na mwenye mzigo akieleza kwamba yeye ndiye aliyebeba. Pale ambapo dalali aliyesajiliwa ndiye aliyempa mtu mzigo na hakumlipa, msafirishaji anaweza pia kudai katika ile dhamana ya dola 75,000, ingawa dhamana hiyo ni moja kwa wadai wote, na anayechelewa anaweza kukuta imegawanywa.

Swali: Shikamoo Mhariri. Niko Mombasa. Mjomba wangu ana lori New Jersey na anataka nimfanyie udisipacha kutoka huku. Inawezekana?

Jibu: Marahaba. Inawezekana, na yale tuliyosema kuhusu mkataba, fedha na upande uliopo yanakuhusu vilevile. Mjomba atahitaji kwa kumbukumbu zake fomu ya W-8BEN, inayoonyesha kwamba wewe si mkazi wa Marekani. Jipatie namba ya simu ya Marekani na intaneti mbili zisizotegemeana, kwa maana dalali hasubiri mtu aliyekatika.

Ugumu uko kwenye saa. Saa mbili asubuhi ya New Jersey ni saa tisa alasiri ya Mombasa wakati wa kiangazi cha kule, na saa kumi wakati wa baridi. Madalali wa California huanza saa tatu baadaye. Siku yako ya kazi itakwisha baada ya usiku wa manane, siku tano kwa wiki. Faida yake ni kwamba lori likiharibika Nebraska saa nane usiku katika kiangazi, kwako ni saa nne asubuhi na umeshaamka, ilhali madisipacha wengi wa kule wamelala. Mwambie mjomba jambo hilo mnapopatana malipo, na muandike kabisa katika mkataba ni nani anayepokea simu za dereva baina ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi za New Jersey.